Saini Iliyokwanguliwa

3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na Mama hajambo na presha yake. Mimi mzima, ila macho yamechoka. Wiki ya sita hii niko stoo ya chini ya makumbusho, nakunjua mabango ya sinema ya zamani, nayapangusa vumbi na kutafuta nani aliyachora. Mengi naishia kuandika "mchoraji hajulikani", na kila nikiandika hivyo naona kama nazika mtu mara ya pili.

Afadhali yako yana saini. Kumi na tisa! Mkuu wangu anataka chumba kizima cha maonyesho kiwe chako, na lile la mwanamke mwenye mwavuli liwe jalada la kitabu cha maonyesho. Ila nilipolimulika taa kwa ubavu, niliona chini ya saini yako pamekwanguliwa. Palikuwa na nini?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Magoti ni yale yale, yanatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anasema ule, usije nawe ukageuka karatasi.

Hapo nilikosea kuandika, nikafuta. Fundi gani hakosei? Usihangaike na vitu vidogo.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimepiga simu mara tatu, Mama ananiambia umelala, saa nne asubuhi. Unaumwa, mnanificha?

Kitabu kinakwenda kiwandani tarehe kumi. Mabango yote kumi na tisa yana jina lako. Nilidhani utafurahi.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Siumwi. Nimechoka tu, uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Lile la mwavuli si langu. Alilichora Twiga, yule mwenzangu wa karakana niliyekuwa nakusimulia, mrefu hata hakuhitaji ngazi. Alilimaliza Jumatatu, Alhamisi akalazwa, na wiki ya pili tukamzika. Wenye sinema walipokuja kulichukua wakauliza, "Nani kachora?" Karakana ilikuwa na mimi peke yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua wembe, nikakwangua jina lake, nikaandika langu. Nikajiambia marehemu hana haja ya sifa.

Basi likapendwa. Kazi zote zilizofuata nilizipata kwa bango lile. Nimekusomesha kwa bango lile. Hayo kumi na manane mengine ni yangu kweli, na hakuna hata moja linaloligusa.

Najua kitabu kimeshatoka. Nilingoja kitoke ili nisiwe na la kufanya, kisha nikashindwa kukaa nalo.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa juu ya kreti hadi walinzi wakaja kufunga.

Mkuu wangu alisema, "Achana nayo, wazee huchanganyikiwa." Nikamwambia wangu ndiyo kwanza amenyooka. Nikampeleka stoo, tukalimulika tena bango kwa lenzi: herufi ya kwanza na ya mwisho ya jina la Twiga bado zimo kwenye karatasi, wembe wako haukuzimaliza. Akakubali turekebishe.

Vitabu mia tatu vilikuwa tayari. Nimevibandika karatasi ya masahihisho kimoja kimoja, siku nne, vidole vimekakamaa kwa gundi. Ukutani jina litakuwa la Twiga. Sitakudanganya, nina hasira na wewe. Ila nimebandika kwa mikono yangu mwenyewe, sikutaka mwingine aifanye kazi hiyo.

Uliwahi kusema mjane wake yuko hai. Kumwambia si kazi yangu.

Mwanao

4 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hasira yako nimeipokea, ni haki yako.

Jana nilikwenda. Mabasi mawili na mwendo wa mguu. Alinifungulia mwenyewe, ameshika nyanya za kukata. Nilimwambia pale pale mlangoni kabla sijaishiwa nguvu. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Shemeji, yule mwanamke ni mimi. Alinisimamisha jikoni na mwavuli wa jirani, nikamcheka. Siku zile kila nikipita mbele ya sinema najiona mimi, na chini yangu jina lako. Miaka yote nilikuwa nangoja tu nione kama utakuja."

Nikamwomba msamaha. Akajibu, "Hilo niachie, usinikimbize." Sikupewa chai, wala sikufukuzwa. Nilikaa kwenye kiti chake akakata nyanya zake hadi zikaisha, kisha akauliza maonyesho ni lini na watu huvaa nini huko.

Ana ombi moja kwako. Lebo ya bango lile uishushe, na herufi uzikuze. Mgongo hauinuki tena na macho yamepungua, lakini hataki kusomewa na mtu. Anataka kulisoma jina la mumewe mwenyewe.

Baba yako