Chupa ya Musherekha Chini ya Mto

Dada Nekesa,

Nakusalimu kutoka Kitale, kwa baridi inayoingia mpaka ndani ya wadi. Hii picha ya ndovu usiijali, duka la Mhindi halikuwa na kadi ingine.

Baba bado yuko. Ile dawa ya kumkojolesha imepunguza maji miguuni, lakini mkojo unatoka pia na potasiamu, madini ambayo moyo unahitaji, ndiyo maana alipewa zile tembe kubwa za kuirudisha. Jana majibu ya damu yalikuja. Daktari aliyasoma mara mbili, akaniuliza Baba anakula nini. Kabla sijajibu, Baba akatoa chupa yako chini ya mto.

"Chumvi si mlinikataza? Hii ni musherekha, maji ya jivu la maganda ya maharagwe. Msichana wangu huichuja mwenyewe."

Kumbe anaimimina kwa kila mboga, bana, hata kwa uji!

Daktari alionja kwa kidole. Akachukua zile tembe kubwa, akazitia mfukoni. Akaniambia potasiamu ikipungua moyo unayumba, ikizidi unaweza kusimama, na jivu hilo limejaa potasiamu. Sasa wanamtoa damu ya kupima kila asubuhi. Mapigo yake yanarukaruka.

Usijilaumu, dada. Mimi ndiye niliyeibeba kutoka Bungoma. Usitume ingine. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu.

Leo amekula sukuma bila kitu, akaniuliza kama umemkasirikia.

Mdogo wako,
Wafula