Udongo wa Mteremko Wetu

Kijiji cha Mkumbi,
S.L.P. 42,
Mbinga.
16 Machi 1997

Mpendwa kaka Hyasinti,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko Norwe? Unakula ukashiba? Sisi tunapumua. Mama miguu inamsumbua, lakini misa hakosi.

Barua yako ilifika, na picha umepiga magoti mwambani, nyundo mkononi. Nilimsomea Mama yote: kwamba miale ya angani huacha alama ndani ya jiwe, na kwa alama hizo mnajua mlima umelika kiasi gani kwa maelfu ya miaka, kwamba barafu ya kale iliukinga mwamba na miale hiyo, ndiyo maana hesabu zinakusumbua. Mama akauliza, "Huko juu wanalima nini?" Nikamwambia hakuna anayelima.

Kaka, huku mlima hausubiri maelfu ya miaka. Tangu ushirika ufe na kahawa iachiwe wachuuzi, wanaume wametawanyika. Mdogo wetu Tobias yuko Lundo, kule ziwani, anavua dagaa wa usipa, harudi. Nawe unajua mashimo ya ngolo, yanayoshika maji na udongo mteremkoni, hayachimbwi na wanawake peke yao: mwanaume wa nyumba hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, ndipo sisi tuzifukie kwa udongo. Nilikuandikia uje. Ukanijibu habari za barafu.

Basi mwaka jana mimi na Mama tulipiga matuta tu, kama watu wasio na kwao. Mvua za Februari hii zimeyazoa. Udongo uko mtoni, na palipokuwa na maharage pamebaki mwamba. Njoo upime na huo.

Ukoo ukakaa. Baba mdogo Ignatio akasema mteremko usio na mwanaume utawafukia walio bondeni, kwa hiyo shamba letu apewe mwanawe Joakim. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Nikasema Hyasinti atakuja. Wakaniuliza lini. Hapo ndipo uliponiaibisha, kaka, na bado nina hasira nawe. Wamempa.

Dada Beata anakusalimu, na shangazi Kunigunda pia. Mama sikupata salamu zake. Tangu Jumatatu Joakim analaza nyasi kwenye kipande kilichobaki, na Mama, kwa miguu ile ile, anamfuata na jembe akifukia. Nilipowapelekea uji nilimkuta Mama anamwita Joakim "mwanangu".

Mungu akulinde huko kwenye mawe yako.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa uchungu,

Notburga