Kila Mgonjwa Namba Moja

Raskazone, 6 Mei 2025

Dada Harusi,

Shikamoo. Hujambo huko Muheza? Sisi wazima, ila mama mafua yamemshika.

Dada, ile programu ya lugha ya kompyuta ya Perl, ya kutoa namba za foleni hapa zahanati imeharibika. Kila mgonjwa inampa namba moja! Leo wazee wawili wamekunjana mashati mlangoni, kila mmoja kashika moja yake. Bibi Imakulata, mwenye zahanati, kasema isipopona kufikia Jumatatu kazi sina. Nisaidie.

Mdogo wako,
Nadir

Muheza, 7 Mei 2025

Nadir,

Marahaba. Mimi mzima, mpe mama pole.

Programu ile niliiandika mimi. Wewe ukafuta jina langu, ukaweka lako, ukapewa ajira niliyokuwa naiomba mimi. Nina kinyongo nawe, sikifichi. Lakini mficha uchi hazai: umegusa nini?

Dada yako,
Harusi

Raskazone, 8 Mei 2025

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo sasa, anakusalimu.

Jumatatu, kabla haijaharibika, Bibi Imakulata alitaka nimwonyeshe programu ilivyo ndani. Kwenye hesabu ya foleni uliandika neno state. Nikafuta, nikaweka my. Kwani kwa Kiingereza si ndiyo "yangu"? Nilitaka akisoma ajue ni yangu. Basi nisamehe. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Mdogo wako,
Nadir

Muheza, 11 Mei 2025

Nadir,

Marahaba. Nimefurahi mama kapona.

Nimecheka, tena kwa furaha mbaya. Kwenye Perl, hiyo my haikupi umiliki. Kila mgonjwa akija, kile kipande cha kuhesabu kinaitwa kifanye kazi, na my inazaliwa upya: inaanza sifuri, inafika moja, inafutika. State inaanzishwa mara moja tu, halafu inashika ilipofikia mpaka programu izimwe. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Jana nilikwenda kwa Bibi Imakulata wewe ukiwa umeshatoka. Nimelirudisha lile neno mbele yake, nikamweleza nani aliandika nini. Kanipa kiti chako papo hapo. Ningeweza kukuombea. Sikutaka.

Kesho ukija kuchukua vitu vyako, chukua namba kwanza, ukae foleni na wenzio. Nikifika yako nitakuita.

Dada yako,
Harusi