Pa Kulala

Jumatatu, 4 Februari 1991

Dagaa wamekauka vizuri. Nimemwachia shoga yangu meza hapa sokoni Mwigobero, Musoma, nimepanda basi la Bunda. Kiwanja cha Manyamanyama sasa ni changu. Nimeuza mtumbwi wa marehemu mume wangu ili nikipate. Nikikosea hapa sina pa kurudi.

Mzee Masatu, aliyeniuzia, hakubishana sana. Alisema mbele ya mashahidi, "Mama Rebeka, wewe jenga tu. Mimi uniachie pa kulala." Nilikubali haraka. Hana mke, kibanda chake kinavuja. Chumba kimoja cha nyuma kitamtosha. Vingine nitapangisha.

Jumamosi, 9 Februari

Somo la viwanja, ukumbi wa kanisa, Musoma. Mwalimu ni mpima ardhi mstaafu, hana masihara. Kiwanja kikaguliwe wakati wa mvua, si kiangazi. Mawe ya mpaka uyatafute kwa mguu wako mwenyewe. Jirani aulizwe kabla ya muuzaji.

Mimi nimenunua kiangazi, na jirani sikumuuliza. Nimenunua kwanza, ndipo naenda kujifunza. Nilikaa kiti cha nyuma.

Jumatano, 13 Februari

Saruji ipo dukani, bila kibali. Zamani ungezunguka maofisini hadi viatu viishe. Nimefurahi mpaka nikaona aibu.

Mzee amefyeka kona ya nyuma, akaweka mawe manne. Nikamuuliza kama ndicho chumba chake. "Ndicho. Hapa nilikuwaga nafunga ng'ombe wangu. Patanitosha." Pembamba mno. Kitanda kitaingia, mtu hatapita. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 21 Februari

Fundi amechimba msingi wote isipokuwa kona ile. Nimefoka. Anasema hana koleo. Koleo alikuwa amelishika.

Jumamosi, 23 Februari

Baada ya somo nilimweleza mwalimu habari za chumba cha mzee. Akaweka chaki chini. Akauliza, mzee alitumia neno gani hasa? Pa kulala, nikasema. Akaniambia nikamuulize jirani, tena upesi. Sikupenda alivyoniangalia.

Ijumaa, 1 Machi

Mzee anakohoa damu. Binti yake amemchukua, amempeleka kwake Butiama. Kabla ya kupanda gari aliyatazama mawe yake, moja akalisogeza kwa mguu.

Ndipo nikaenda kwa jirani, mama mtu mzima. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mama Rebeka, mzee hakuombaga chumba. Aliomba kaburi. Sisi wote tulielewa hivyo. Tukaona umekubali."

Nani atapanga chumba chenye kaburi dirishani? Usiku huu naomba mzee apone. Simwombei yeye. Najiombea mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Msingi wangu umejaa maji pande zote. Kona ya mzee tu ndiyo kavu. Alijichagulia pazuri kuliko pote, na mimi nilimcheka.

Jumatano, 6 Machi

Lori limekuja kutoka Butiama, limefunikwa turubai. Nilijua kabla halijasimama.

Mwanawe mkubwa alinisalimia kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Tumemleta mzee kwake." Kwake. Mashahidi wangu wa kiwanja walikuwepo wote, kila mmoja na jembe lake. Fundi naye, na koleo lake lilelile. Hakuna aliyenikasirikia. Bora wangenikasirikia. Mwinjilisti aliomba, akanishukuru kwa jina kwa kumpa marehemu mahali. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia.

Jumamosi, 16 Machi

Somoni sikwenda.

Maji yamekauka. Nimepeleka saruji ya chumba cha kwanza, fundi amesakafia kaburi. Akauliza ramani inabaki ileile? Nikasema milango yote iangalie barabara, madirisha ya nyuma tuyaache.

Wawili wamekuja kuulizia vyumba. Wameona kona ile, wameaga.

Fundi akauliza na kile cha nyuma kabisa, kilichopakana na mzee, atakitaka nani. Nimemwambia akijenge vizuri. Nitalala mimi.