Pleti ya Meno Kumi na Manne

Jumanne, katikati ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi, na hapa mtaani Satellite tope limefika mpaka mlangoni. Nimetoka kazini mapema, nimevua viatu, nimekaa kitandani na koti bado mwilini. Hata chai sina hamu nayo.

Wale mnaosoma ukurasa wangu huu mmezoea vichekesho vyangu vya dukani. Mimi ndiye Njeri wa kuuza spea za magari Kirinyaga Road, mwanamke pekee katika safu nzima ya maduka, ninayewaandikia habari za wateja wanaotaka "ile kitu inakaa hivi" huku wakichora hewani kwa vidole. Wiki iliyopita niliwaandikia kuhusu mteja wa Machakos aliyenifokea kwenye simu kwa sababu ya meno ya pleti ya klachi. Mlicheka sana.

Sikuwaambia kwamba yule mtu alikuwa na haki.

Wacha leo niseme yote. Wateja wetu wengi wako mbali na hawaji Nairobi. Wanatuma sampuli, yaani kile chuma kilichoharibika, kwa kampuni za kusafirisha vifurushi. Mimi nakifungua, nakilinganisha na kipya, nafunga kipya kwenye katoni, na jioni kinasafiri. Kila sampuli ikifika naibandika kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la mwenyewe, zisichanganyike.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Wafula wa Kitale kwa miaka tisa bila kuuona uso wake. Namjua kwa mwandiko wake na kwa maharagwe. Wengine hujaza katoni magazeti ili chuma kisigongegonge njiani. Wafula hujaza maharagwe, kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na kila mara ni mengi kuliko nafasi iliyokuwapo, mpaka katoni inavimba. Nimekula maharagwe ya kwao kuliko ya kwetu.

Jumatatu ya wiki iliyopita zilifika sampuli mbili kwa mpigo, zote pleti za klachi, moja ya Wafula na nyingine ya Machakos. Pleti ni duara la chuma lenye tundu katikati, na ndani ya tundu kuna meno. Hizi mbili zilikuwa sawa kwa upana, tofauti ilikuwa kwenye meno tu. Ya Wafula yalikuwa kumi na manne, ya Machakos ishirini na moja. Hesabu hiyo naijua sasa. Siku ile niliona uchafu tu, na mimi kwa kujifanya msafi nikazisugua zote mbili kwa mafuta taa. Utepe ukabanduka. Nikaubandika tena kwa kukisia, nikatafuta pleti mpya za kulingana nazo, nikazifunga.

Na Wafula alikuwa ameniambia kwa nini ana haraka. Baba yake alikuwa amelazwa Eldoret, na madaktari walikuwa wamesema hakuna tena la kufanya, arudishwe nyumbani apumzike. Mzee alitaka kulala kwake. Gari la mtu mwingine alilikataa katakata. Alisema atatoka na pickup yake mwenyewe, aliyoinunua akiwa na nguvu zake, alazwe kwenye godoro kule nyuma ayaone mahindi ya watu njiani. Pickup ilikuwa kwa fundi, inangojea pleti.

Nilikuwa nayajua hayo yote.

Jumanne fundi wa Kitale alijaribu kuifunga, pleti ikakataa kuingia. Jumatano asubuhi Machakos akapiga simu na kufoka kwamba nimemtumia takataka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikachukua simu nimpigie Wafula nimwombe msamaha, na kabla sijalitafuta jina lake, akapiga yeye.

"Dada Njeri, nisamehe. Ni mimi nimekosea. Hapa kwa fundi kulikuwa na pleti mbili za zamani, nafikiri nilikutumia ile si yangu."

Ningesema wakati ule. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini majirani zangu wa duka la kushoto walikuwa wamesimama pale kaunta wakinywa chai, na kwenye barabara ile mwanaume akikosea wanasema leo kaamka vibaya, mimi nikikosea wanasema si kazi ya wanawake. Miaka tisa nilikuwa sijawapa nafasi hiyo.

"Hakuna shida, Wafula," nikamwambia. "Hutokea."

Jioni ile ile nikamtumia pleti iliyo sawa, nikarudi nyumbani, nikawaandikia ninyi kichekesho cha Machakos. Nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka, kwamba nililala vizuri.

Leo asubuhi imekuja katoni kutoka Kitale. Nimeifungua hapo kaunta. Ndani kulikuwa na pleti niliyomtumia kimakosa, na maharagwe yamejazwa mpaka kwenye pembe zote, na karatasi iliyoraruliwa kwenye daftari la shule.

"Dada Njeri, pole kwa usumbufu. Hii pleti narudisha, haijatumika. Ile ya pili iliingia sawa. Mzee alituacha Alhamisi alfajiri kabla sijamfikia na pickup. Tunamtoa mochari Ijumaa na ile pickup yake, tunazika Jumamosi. Ndugu zangu wanasema mimi ndiye nilimchelewesha, na sina la kujitetea kwa sababu ni kweli. Maharagwe ni ya shamba la mzee. Utuombee. Wafula."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaenda nyuma ya duka kwenye rundo la ekzosi, yale mabomba makuukuu ya moshi, nikalia kama mtoto.

Nilipoweza kuzungumza nikampigia. Huko kwao nilisikia watu wakigongomea vyuma vya hema na wanawake wakiimba. Nikamwambia yote, utepe, mafuta taa, simu ya Machakos. Sikujipamba.

"Kwa hivyo hata ile siku nikikupigia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniambia hutokea."

Nikaitikia ndiyo.

"Jumatano jioni nilienda Eldoret kumwona," akasema, polepole, bila hasira. "Akaniuliza, gari iko wapi? Nikamwambia ni mimi nimekosea, imebidi tungoje ingine. Akaniangalia, akaniambia, wewe tangu utoto huangaliangi vitu vizuri. Akageukia ukuta. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliniambia, dada."

Ningefurahi angenitukana. Nilikuwa tayari kwa matusi. Kwa hayo sikuwa tayari, na sidhani nitakuwa tayari maishani mwangu. Mzee alikufa akimwona mwanawe mzembe, na mwanawe hakuwa mzembe. Mzembe alikuwa mimi, nimekaa Nairobi nikilinda jina langu mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai.

Nikamwuliza nifanye nini.

"Njoo uwaambie. Mimi nikisema, watadhani nimetafuta mtu wa kusingizia."

Nimekubali. Mwenye duka nimemwambia, akasema niende. Majirani wa kushoto nao nimewaambia, kabla hawajaniuliza macho mekundu ni ya nini. Hawakusema lolote kuhusu wanawake. Mmoja alinipa leso. Kumbe hata hilo nililoliogopa halikuwapo, au halikuwapo leo.

Dada yangu anayeishi mtaa wa Jamhuri amenipigia akiniambia niache wazimu, kwamba msiba wa watu si mahali pa kwenda kujianika, nitume tu rambirambi. Labda ana haki. Lakini rambirambi haiwezi kusimama mbele ya ndugu zake Wafula na kuulizwa maswali.

Naondoka Alhamisi ili Ijumaa pickup ikiingia nyumbani na jeneza, niwepo. Nimeshaiweka sampuli ya Wafula kwenye mkoba, ile yenye meno kumi na manne, na utepe mpya wenye jina lake, pamoja na pleti aliyorudisha, yenye ishirini na moja. Nataka wayahesabu wao wenyewe. Wafula aliniuliza atanijuaje kati ya waombolezaji, nikamwambia atamwona mwanamke aliyeshika pleti ya klachi. Alicheka kidogo, halafu nikamsikia analia, nasi tukakata simu bila kuagana.

Kile kichekesho cha wiki iliyopita sitakifuta. Kisomeni tena sasa.

Maharagwe yako hapa mezani, bado sijafungua mfuko. Nitawaambia ndugu zake, nitamwambia mama yake, nitamwambia yeyote atakayeniuliza. Ni mzee tu ambaye sitaweza kumwambia.