Saa Kumi, Upande wa Shimo

Jumanne, Kiabakari

Antena ya mnara wa simu imetulia, hatimaye. Wiki nzima imenisumbua: inatakiwa irushe mawimbi barabara ya Bunda tu, yenyewe inavujisha mengine ubavuni, kwenye shimo la zamani la dhahabu. Ndani yake kuna safu ya antena ndogo; leo nimepunguza nguvu kwenye zile za pembeni, za katikati nikaziacha. Uvujaji ukafa.

Nikajisifu kwa Mama Nyangeta, anayeuza uji chini ya mnara, kwamba mawimbi hayaendi tena shimoni.

"Ungeniuliza kwanza, fundi," akasema.

Mwanawe alifukiwa mle mwaka jana. Hawakumtoa.

"Ananipigiaga saa kumi. Haongeagi. Napokea tu, nasikia anapumua."

Nikamwambia ni mtandao tu, mama. Lakini kumbukumbu za mnara nimeziona mwenyewe: kila siku saa kumi, simu moja kutoka upande ule, ambako hakuna hata nyumba.

Leo saa kumi hakupigiwa. Alikaa ameishika simu mpaka uji ukapoa.

Naweza kurudisha ilivyokuwa. Sijui naogopa nini zaidi: simu yake isiite, au iite.

Kwenye ripoti nimeandika: upande ule hakuna mtumiaji.