Daftari la Mvua na Miaka Kumi na Tisa

Jumatatu, 8 Januari

Wiki ya kwanza imekwisha. Idara ya ramani haina kengele! Saa nne leo miguu yangu ilisimama yenyewe kwenda darasani. Jirani yangu wa meza akacheka: keti, mwalimu, hapa hakuna wa kukunyang'anya chaki. Nikaketi.

Na ile meza ya kioo! Taa inawaka chini yake, unaweka ramani juu, mito yote inajitokeza kama mishipa ya mkono wa bibi yangu. Miaka kumi na tisa nimeichora ubaoni kwa chaki ya buluu, nikidhani naijua.

Bwana wa pensheni amepita na fomu. Anasema uanachama wangu wa ualimu unaweza kunifuata huku serikalini, miaka yote, nijaze tu. Nimejaza kwa herufi za ubaoni, kubwa kubwa.

Jumanne, 9 Januari

Fomu imerudi. Kati ya kazi na kazi pasizidi siku thelathini. Zikizidi, uanachama umekatika, naanza upya kama aliyeajiriwa juzi! Huku nimeanza tarehe mbili Januari. Mkuu wangu wa shule kaandika kwamba niliondoka tarehe ishirini na nne Novemba. Siku thelathini na nane.

Nimempigia. Hana ubaya, maskini. Anasema miaka yote anaandika siku ya kufunga shule — kwani watoto wakishatoka getini, mwalimu amebakiwa na nini? Na kweli, walimu wote tunahesabu kwa mihula. Hata mshahara wa Desemba tunapewa siku ya kufunga, pamoja na wa Novemba, kwa hiyo kwenye karatasi Desemba haipo. Serikali inahesabu siku.

Mkuu yuko tayari kuandika barua nyingine. Bwana wa pensheni hataki hata kuisikia: barua ya pili kila mtu anayo, mwalimu. Nilete kitu kilichoandikwa siku zilezile. Mwisho Ijumaa.

Baba Watoto alikuwa na redio ya mteja imefumuliwa mezani. Akanisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi. Tutaona, akasema. Huyu mtu akisema tutaona, ujue naye kaogopa.

Jumatano, 10 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda masjala ya ofisi ya elimu. Mama mmoja, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakuniuliza jina — aliuliza mwaka na shule ya kwanza. Akaingia katikati ya rafu zinazofika darini. Hata benchi halijapata joto, karudi na jalada langu. Langu!

Juu kabisa picha: mimi wa miaka ishirini na minne, shingo ndefu, macho kama nimeitwa na polisi. Halafu miezi. Kila mwezi mstari mmoja kwamba niko kazini, na muhuri wake, miwili tu haina muhuri, na pembeni mtu kaandika "imethibitishwa kwa simu". Kwa simu! Kuna mtu alinyanyua simu akaniulizia, nami siku hiyo labda nilikuwa nagombana na darasa la sita kuhusu ikweta. Wino mweusi, wino wa buluu, baadaye mashine. Miandiko ya watu nisiowajua wala hawanijui, mistari mia mbili ishirini na saba, wala hakuna aliyenisahau. Na mimi nilivyokuwa nawaita wavivu! Machozi yalinitoka mbele ya yule mama. Akanisogezea kitambaa cha kufutia vumbi. Mali bila daftari hupotea bila habari, akasema, kama anayeniambia ni saa ngapi.

Mstari wa Desemba ndio haupo.

Alikuwa anafunga jalada nikaona karatasi ya njano, barua ya mkuu wangu wa kwanza, marehemu: mwalimu wa jiografia atasoma kipimo cha mvua kila siku saa tatu asubuhi na kuandika daftarini, likizo ikiwamo.

Likizo ikiwamo! Nimesoma kipimo kile kila siku ya Mungu. Nilidhani ni mazoea yangu tu. Kumbe ni kazi!

Yule mama kanipa nakala, kaigonga muhuri kwa nguvu zake zote.

Alhamisi, 11 Januari

Nimeomba ruhusa, nimekwenda shuleni. Mlinzi kanitolea daftari kwenye kijumba chake. Desemba yote imo, mpaka tarehe thelathini na moja! Siku mbili ni mwandiko wa Baba Watoto, nilipolala na homa. Mahali pa tarakimu kaandika "pakavu kabisa". Nilicheka peke yangu uwanjani.

Kisha nikafunua ukurasa. Mweupe. Mwalimu mpya wa jiografia bado hajaletwa. Miaka kumi na tisa bila pengo hata moja, sasa siku kumi na moja hakuna kitu. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nimeona aibu.

Ijumaa, 12 Januari

Niko kwenye benchi, mlango wa pensheni. Saa tatu kasoro.

Bwana wa pensheni kachukua barua na daftari. Aliuliza ule mwandiko mwingine ni wa nani. Nikasema kweli — mume wangu, nilikuwa na homa. Akanitazama. Akanipa karatasi ya mapokezi yenye tarehe ya leo, kaingia kwa mkubwa wake.

Mlango uko wazi kidogo. Wameliinamia daftari watatu, pamoja na mama wa chai. Lakini hawako Desemba! Wamerudi nyuma mno. Mkubwa anauliza mwaka wa ile mvua iliyoondoka na daraja. Mwingine anatafuta siku aliyozaliwa mwanawe. Ilinyesha, anasema, ilinyesha kweli! Sauti zimeshuka, kama watu walio msikitini au kanisani.

Hakuna aliyeniambia ndiyo. Hakuna aliyeniambia hapana.

Bati limeanza kulia juu yetu. Matone makubwa. Sasa inamwagika hasa.

Saa tatu kamili. Kule shuleni kipimo kinajaa, na daftari liko hapa.